Kobe Aliyeficha Minyoo

Masikio yako wapi?

— Yako hapa, yote mawili!

Nitue mzigo wangu?

— Utue, tuone ulichobeba!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana kwa lugha moja, aliishi mfinyanzi mmoja, Bi Zuwena. Alizaa watoto saba. Wote walikua, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao mbali. Akabaki na kobe wake, jina lake Kitulizo.

Bi Zuwena alimpenda kobe huyo kama mtoto wa nane. Alimtengea kona uani, akamtandikia mchanga na nyasi. Kila asubuhi alimchumia majani ya kunde, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akaenda kukanda udongo wake.

Basi siku moja Kitulizo alipomaliza haja, aligeuka, akaona kitu. Akatazama vizuri. Minyoo! Minyoo weupe, wembamba kama nyuzi, wanajipindapinda ndani ya mavi yake. Kobe akaona haya. Akachimba kwa kucha, akafukia.

Kesho yake akaona tena. Akafukia. Kesho kutwa akaona tena. Akafukia.

Lakini waliobaki tumboni hawakufukiwa. Walikula, wakazaana, wakaanza kuimba:

*Leta, mama, leta,*
*nyumba hii ni yetu!*
*Mwenyewe akonde,*
*sisi tushibe tu!*

Kobe aliyasikia maneno. Bi Zuwena alisikia mngurumo tu.

Akamwuliza Kuku, "Mwenzangu, tumbo la mwanangu linanguruma. Ana nini?"

"Tumbo likinguruma ni njaa," akasema Kuku. "Mwongezee chakula."

Bi Zuwena akaongeza kunde, akaongeza na papai. Minyoo wakanenepa, kobe akakonda. *Leta, mama, leta!*

Akamwuliza Mbuzi. "Baridi hiyo," akasema Mbuzi. "Mweke karibu na jiko."

Akamweka karibu na jiko. Minyoo wakaota moto, kobe akakauka midomo. *Leta, mama, leta!*

Akamwuliza Sungura. Sungura akatikisa kichwa kama mtu anayejua mengi. "Kijicho hicho, bibi. Watu wamemtazama vibaya. Nitamfunga hirizi. Na ujira wangu ni yale majani ya kunde yaliyolala pale konani kwake, maana yeye mwenyewe hali tena."

Akamfunga hirizi kubwa shingoni. Halafu akayala yale majani yote, bila kuyaosha, pamoja na mchanga wake, akaenda zake akijilamba. Maskini kobe! Hirizi ilikuwa nene, hata kichwa hakikuweza kurudi ndani ya gamba.

Siku ya tatu tangu afungwe hirizi, Bi Zuwena alimnyanyua Kitulizo amhamishe kivulini. Zamani alimnyanyua kwa mikono miwili. Siku hiyo ulitosha mmoja. Alikuwa mwepesi kama chungu kitupu.

Bi Zuwena akaketi chini. Akaikata hirizi, akaitupa.

"Mwanangu," akasema, "nimeuliza uani kote, wewe sijakuuliza. Una nini?"

Kobe akafumba macho. "Naona haya, mama."

"Haya ya nini?"

"Unanilaza nyumbani kwako. Unanilisha kwa mkono wako. Nikuambie vipi kwamba nina minyoo?"

Bi Zuwena akacheka, na machozi yakamtoka palepale. "Nimelea saba, Kitulizo. Ni yupi kati yao asiyekuwa na minyoo? Kumbe haya tu ndiyo iliyotaka kukuua!"

Akambeba mpaka kwa Nungunungu, aliyejua mizizi. Nungunungu hakuuliza habari za kijicho. Alisema, "Nionyeshe mavi yake." Akayachokoa kwa kijiti, akayatazama, akaguna.

Kisha akampima kobe kwa mawe, kushoto mawe, kulia kobe, mpaka mti wa mzani ukalala sawa.

"Mmiminie kibuyu kizima cha dawa, apone upesi," akasema Bi Zuwena.

"Dawa ya ng'ombe humwua kobe," akajibu Nungunungu. "Kila tumbo lina kipimo chake." Akatia matone machache kinywani mwa kobe. Akamwagiza Bi Zuwena amwogeshe kwa maji ya vuguvugu ili anywe humo humo aogamo, na auondoe mchanga wote wa zamani, atandike mwingine. "Mayai ya minyoo yamo mchangani. Baada ya siku kumi na nne, mlete tena."

Bi Zuwena akafanya hivyo. Minyoo wakatoka, wimbo ukakoma. Kobe akala jani moja, kesho mawili, kesho kutwa akamaliza rundo.

Siku ya kumi na nne ilipofika, Bi Zuwena alikuwa anachoma vyungu. "Mwanangu umepona," akasema. "Twende tena ya nini?"

Kitulizo akatega sikio tumboni mwake. Akasikia sauti ndogo, ndogo sana, kama ya mbu: *leta, mama...* Haya ikamjia. Akatazama mchanga. Kisha akainua kichwa.

"Mama, bado wamo. Nipeleke."

Bi Zuwena akauacha moto, akampeleka. Kobe akanywa dawa ya pili, na wimbo ule hakuusikia tena.

Na Sungura? Minyoo wa ule mchanga walimwimbia naye tumboni. Lakini yeye alikuwa amejifanya mganga, atamwambia nani? Kila akikutana na mtu hukimbilia kichakani, asisikike. Mpaka leo ukimwona, anakimbia.

Mnaonaje, wasikilizaji? Ugonjwa hauna aibu, aibu ni kuuficha. Na ewe unayempenda mtu, usimlishe tu. Mwulize, kisha umsikilize.

Mzigo wangu nimeutua. Aliyeusikia aubebe, akautue kwa mwenzake.