Tendo Lililokosa Jina

Hapo zamani, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji milimani ambako kitu kikiwekwa, kimewekwa. Bibi harusi akipanga mafiga, hayaguswi mpaka azikwe. Paa likivuja juu ya kitanda, watu wanahama, kitanda kinabaki. Msinicheke, ndivyo walivyokuwa! Neno la kubeba walikuwa nalo, la kutupa pia. Lakini la kukitoa kitu kilipokaa na kukikalisha pengine, hawakuwa nalo. La nini?

Na desturi yao nyingine ilikuwa hii: tendo jipya likizuka, huitwa kwa jina la aliyelitenda kwanza.

Basi masika yakaporomosha jiwe, puu! likaziba mfereji wa kijiji. Maji yakakatika, mahindi yakaanza kunyauka. Watu wakalitazama jiwe, wakasema, "Limeshakaa. Tufanyeje?"

Nakijwa hakukubali. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na lililomuuma ni moja: akifa, jina lake litakufa naye, maana huko wajukuu ndio hurithi majina. Akachukua jembe, akachimba udongo chini ya jiwe, upande wa mteremko. Jua likamchoma, akachimba. Watu wakamcheka, akachimba. Mikono ikatoka malengelenge, akachimba.

Akaja Mbonea, baba wa watoto tele, mabega kama fahali. "Shangazi, kaa kando." Akasukuma. Jiwe likatikisika.

"Weee! Simama hapo!" Huyo Senkondo, mwenye migomba chini ya mteremko. "Mkilisukuma litakwenda wapi? Si shambani kwangu?"

Mbonea akaliachia jiwe. Kweli ilikuwa haki yake. Senkondo akaitazama migomba aliyoachiwa na babaye, akayatazama mahindi ya majirani, machozi yakamlenga. "Haya, lileteni. Watoto wa watu wapate kula."

Mbonea akasukuma tena. Jiwe likaenda, gudugudu, gudugudu, migomba ikalala chini. Maji hayo! Vigelegele! Watu wakaruka mferejini na nguo zao.

Kisha likaja suala la jina.

Mbonea akasema, "Jembe halikulitoa jiwe. Mabega yangu ndiyo yaliyolitoa. Tendo liitwe kwa jina langu."

Nakijwa akasema, "Kabla sijachimba, mabega hayo yalikuwa wapi, mwanangu? Si yalikuwa yananicheka? Wewe utaitwa na wajukuu. Mimi nitaitwa na nani?"

Senkondo akasema, "Jamani, mngechimba na kusukuma mpaka mchoke. Kitu hakitoki kilipo mpaka kipate pa kwenda, na pa kwenda nimetoa mimi. Jiwe lenyewe nitalitazama kila asubuhi, mimi na wanangu."

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka, wakaenda zao nyumbani. Lakini watu walikuwa wameshaonja utamu wa tendo hilo. Asubuhi yake Nakijwa akasikia ng'ambo ya ua jirani anahangaika na kinu kilichokaa juani tangu enzi za mama mkwe wake. Akakiegemea kiambaza, akatega sikio.

"Mume wangu, shika huko," jirani akasema, "tuki..."

Akanyamaza. Kinu kiko mikononi, neno hana. Anatungoja sisi.

Haya, mliokaa mbele, acheni kujikuna vichwa! Amalizie kwa jina la nani? Je, nani alistahili?