Mama Mbega na Binti Aliyetulia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Kando ya mto palikuwa na mkuyu. Juu ya mkuyu aliishi mbega mmoja na watoto wake watatu. Jina lake mwenyewe alikwisha kulisahau. Wote walimwita Mama Kidawa, kwa kuwa binti yake wa kwanza alikuwa Kidawa. Wa pili alikuwa dume, Mshindo. Wa mwisho alikuwa Pamba, maana mtoto wa mbega huzaliwa na manyoya meupe pe, na meusi huota baadaye, kidogo kidogo.

Mama Kidawa alikuwa amechoka. Si uchovu wa jana, wala wa juzi. Akiamka, uchovu umeshaamka kabla yake. Achume majani, anyonyeshe, achambue viroboto, aamue ugomvi. Akimaliza, aanze tena. Baba yao alikaa tawi la juu kabisa. "Krrro! Krrro! Krrro!" Akawatisha majirani, halafu akalala. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Watoto walicheza. Mchezo wao uliitwa shika-mkia. Mkia wa mbega una kishada cheupe mwishoni. Ukikishika kishada cha mwenzio unasema, "Nimekushika, nikamate!" Halafu unakimbia. Chwaa! tawi hili. Chwaa! tawi lile. Ukitaka kuponyoka kabisa, unakwenda mpaka ncha ya tawi refu, unaruka mto, ruu! Unatua kwenye mvule wa ng'ambo.

Pamba alicheza tangu jua linachomoza mpaka linazama. Alianguka, akalia, akasahau alichokuwa anakililia. Mshindo alicheza asubuhi, mchana akajinyoosha, jioni akacheza tena. Na Kidawa? Kidawa zamani aliwashinda wote. Aliuruka ule mto na macho amefumba.

Lakini kwa mbega kulikuwa na desturi. Mtoto akishaota manyoya meusi, amekua. Asirukeruke. Akae na wakubwa, apakate mdogo wake. Wakubwa wenyewe waliruka mto kila siku kwenda kutafuta majani, lakini huko hakukuitwa kucheza. Huko kuliitwa kazi.

Siku moja shangazi yao, dada yake baba, alimwita Kidawa.

"Wewe! Weusi umekufika kiunoni, bado unarukaruka kama panzi? Huoni haya?"

"Mbona Mshindo naye ameanza kuota meusi, shangazi?"

"Mshindo dume. Kaa!"

Kidawa akamtazama mama yake. Mama Kidawa alikuwa na jani mdomoni na Pamba kifuani, na Pamba anamvuta sikio. Akafikiri: huyu akikaa, atampakata huyu. Huyu akipakatwa, mimi nitafumba macho kidogo.

"Msikilize shangazi yako," akasema.

Kidawa akakaa.

Jamani, usingizi ule! Mama Kidawa alilala mchana kweupe, mdomo wazi. Siku za mwanzo Kidawa alikaa huku miguu inamchezacheza. Baadaye miguu ikatulia. Akawa anakaa tu. Mdogo wake mapajani, macho yake majanini.

"Una bahati, Mama Kidawa," walisema majirani. "Binti katulia tuli. Wa kwangu mimi ni mashetani."

Mama Kidawa alisikia raha. Sifa alikuwa hajapata muda mrefu.

Siku moja alimtuma binti yake majani laini ya juu. Kidawa akaenda. Akakawia. Akarudi, heh, heh, heh, mkono ameuegemeza kwenye shina.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni mbali."

Mama Kidawa akatazama juu. Hapakuwa mbali. Kitu kikamchoma moyoni, akataka kusema neno. Mara Pamba akadondoka tawi la chini, chwaa! Kilio! Neno likampotea. Mtu aliyechoka huliweka jambo mpaka kesho, na kesho kuna jambo lake.

Masika ikaja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukajaa, ukapanda ukingo, ukauzunguka mkuyu pande zote. Maji mekundu yakala udongo. Yakala tena. Yakafika kwenye mizizi.

Asubuhi moja: Ka! Ka-ka!

Mkuyu ukainama.

"Krrro! Vukeni! Vukeni ng'ambo!" Baba yao siku hiyo hakulala.

Chini maji, nyuma maji. Njia ilikuwa moja, ncha ya tawi refu. Baba akaruka. Shangazi akaruka, pu! tawi likalalamika. Mshindo akaruka huku anacheka. Mama Kidawa akambana Pamba kifuani kwa mkono mmoja, akaruka, akatua. Akageuka.

Kidawa alikuwa bado kule kwenye mkuyu, kwenye ncha ya tawi.

"Ruka!"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Wewe uliyekuwa unaruka na macho umefumba?"

"Zamani hiyo."

"Kidawa, mti unaanguka!"

"Mikono inatetemeka, mama. Mliniambia nikae. Nimekaa."

Sasa sikilizeni. Mbega hana kidole gumba. Vidole vyake vinne hushika kama ndoano. Ndoano haina nguvu nyingine ila ile anayoijenga kwa kuruka, na kuruka, na kuruka. Kidawa alikuwa na ndoano ndefu za mtu mzima, na ndani yake hamna kitu.

"Mkubwa mzima anaogopa maji," akasema shangazi. "Aibu gani hii!"

Mama Kidawa akambandua Pamba kifuani.

"Wifi, shika huyu."

"Mimi?"

"Wewe."

Akaruka kurudi. Ruu! Mkuyu ukalia, ka-ka-ka. Hakumkumbatia binti yake. Nafasi hiyo haikuwepo. Alimpita tu, akanyoosha mkono, akakishika kishada cheupe cha mkia.

"Nimekushika."

"Mama!"

"Nimekushika, nikamate! Au umezeeka?"

Akakimbia kuelekea shinani. Kidawa akaduwaa. Halafu mguu mmoja ukacheza. Wa pili ukacheza. Akageuka, akamfuata. Mama akazunguka shina. "Polepole wewe, kobe!" Akarudi kulifuata tawi refu, mkia anauburuza makusudi, kishada kikimchezea binti mbele ya pua. "Hunipati!" Kidawa akaongeza mwendo. Mkono ukanyooka. Bado kidogo. Bado kidogo. Tawi likaisha.

Mama akaruka. Kidawa akaruka nyuma yake.

Ruu!

Ndoano zikakamata jani. Jani likachanika. Zikakamata kijiti. Kijiti kikavunjika. Pu! Kidawa akaangukia kichaka cha ukingoni, chini ya mvule, maji kiunoni, mguu umepinda chini yake. Nyuma yake mkuyu ukatoa mlio mrefu, ukalala mtoni, ukaenda na maji.

Mama na Mshindo wakashuka mbio, wakamvuta, wakampandisha. Kidawa akautazama mkia wa mama yake.

"Sikukukamata," akasema.

"Kesho," akasema mama yake.

Lakini haikuwa kesho. Mguu ulikaa sana kabla ya kukanyaga, na ulipopona haukunyooka tena kama wa zamani. Siku Kidawa alipoweza kuukanyagia, Mama Kidawa aliamka na uchovu wake, akaubeba, akaenda nao mpaka alipolala binti.

"Nimekushika, nikamate."

Ikawa kila asubuhi. Mwanzo Kidawa alifika tawi la kwanza tu, akakaa, heh, heh, heh. Kisha la pili.

"Makubwa haya!" akasema shangazi. "Binti mweusi tii anakimbizana na mama yake, na mama naye mtu mzima!"

"Wifi, kama huna kazi, mpakate Pamba."

Shangazi akampakata. Pamba akamvuta sikio. Maneno yakapungua.

Kiangazi kilipoingia, Kidawa alikuwa anaruka kwenda na kurudi, mguu wake ule ule wa upande. Na mama yake akimgusa, kabla hajafika kwenye panda ya tawi, kishada cha mama kimeshashikwa.

Basi, siku zikaenda. Pamba naye akaanza kuota meusi. Mchana mmoja, bila kuitwa, alikuja akakaa ubavuni mwa mama yake. Tuli. Akamwegemea.

Mama Kidawa akausikia ule utulivu. Ulikuwa mtamu. Akafumba macho. Hakuna aliyemvuta sikio, hakuna aliyelia. Angeweza kulala mpaka jioni, na majirani wangemsifu.

Akafumbua jicho moja. Akautazama mkia wa Pamba. Akashusha pumzi ndefu.

Akanyoosha mkono.

"Nimekushika," akasema. Akainuka, na magoti yake yakalia, ka, ka.

Na maana yake ni hii. Mtoto kadiri anavyokua ndivyo tunavyomwachisha kucheza, hasa binti, nasi tunaita adabu kwa sababu inatupumzisha sisi. Nguvu ya mtoto imo katika mchezo wake. Msimnyang'anye. Na akitulia mno, mzazi ainuke amwinue, hata kama amechoka. Kuchoka atachoka tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya mvule, ng'ambo ya mto. Sasa mbona mmekaa? Inukeni, mkakimbizane huko nje.