Kwa Nini Upepo Hukaa Mlimani Kabla ya Masika

Zamani sana, wajukuu zangu, Upepo aliishi bondeni pamoja na watu. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akifagia moshi wa mafiga na vumbi la njiani, na hakuna aliyejua kikohozi ni kitu gani. Alikuwa na sharti moja tu: anayetaka kuchoma mabua shambani amwambie kwanza, ili asimame upande unaofaa.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, Upepo aliondoka alfajiri kuifuata mvua. Namkunda, mwanamke hodari asiyependa kutanguliwa na mtu kupanda, alibisha mlangoni kwa Upepo mara moja tu. Aliposikia kimya, akajisemea kwamba shamba lenyewe ni dogo. Akawasha moto.

Moshi ulipanda kidogo, ukachoka, ukarudi kulala bondeni. Kufikia adhuhuri jua lilikuwa jekundu na kuku wamerudi bandani. Kwa Nakiete, jirani wa Namkunda, mtoto wake mchanga Senzighe alianza kupumua kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka.

Watu wakakusanyika kwa hasira. "Upepo ametutupa! Mvivu mkubwa, amelala!" Namkunda naye alipiga kelele, tena kuliko wote, maana vidole vyake vilikuwa bado na majivu na aliogopa wasije wakayaona.

Upepo aliyasikia hayo akiwa njiani kurudi. Akaketi kileleni mwa mlima, asishuke; kutoka bondeni watu waliiona miti ya huko ikiyumba.

Jioni Namkunda alishindwa kula. Pumzi za yule mtoto zilimfikia hadi jikoni. Mwishowe akaenda kwa jirani yake, akasimama mlangoni.

"Mama Senzighe, nipe mtoto nimpeleke juu kwa Upepo. Ni mimi niliyechoma."

Nakiete alimfunga mtoto mgongoni mwa Namkunda, akakaza kanga, akageuka. Afadhali angempiga kofi.

Kule kileleni Upepo alimpulizia mtoto taratibu mpaka mbavu zikatulia. Namkunda akapiga magoti.

"Nisamehe, baba. Nilichoma bila kukuambia."

"Hilo nimelisamehe, mwanangu. Lakini nilikuwa nawaletea mvua, nikasikia natukanwa, na sauti niliyoitambua ilikuwa yako. Mvua itakuja. Mimi siwezi kushuka kabla yake."

Namkunda akateremka na mtoto bila kuinua uso, na mbele ya watu wote akasema alilolifanya.

Na tangu siku hiyo, masika yanapokaribia, Upepo hubaki mlimani, na moshi na vumbi hukaa bondeni tukivivuta sote. Anayetaka kuchoma shamba huenda kwanza mlango kwa mlango kuwaambia majirani. Na mvua ya kwanza inaponyesha, hatuikingi wala hatuinywi. Tunasimama barazani, tukiyatazama maji yakishuka meusi kutoka kwenye paa la aliyechoma na la asiyechoma.