Waya wa Mama Perez

Wazee walioishi na ng'ombe walilijua jambo hili: mtu anayewamba ngozi huivuta upande aliosimama yeye, hata akiapa kwamba anavuta sawa pande zote. Ndivyo alivyo yeyote anayekabidhiwa kitu cha wengine akigawe. Mkono wake huanzia kwake. Asiyeamini na asikie yaliyotokea Kisian, katika boma la Mama Perez.

Mama Perez alivunjika nyonga, akawa mtu wa kiti na mkongojo. Kanisa, lililokuwa chakula cha roho yake, likawa mbali kama ng'ambo ya ziwa. Kitindamimba wake, Gordon, aliyekuwa akifanya kazi Muhoroni katika kiwanda cha sukari, akamnunulia king'amuzi ili aone ibada kwenye runinga yake ndogo. Lakini kabla Akello, mkewe Gordon, hajamaliza kufungua katoni, kaka mkubwa Calvince aliingia akijipangusa mikono.

"Mama, nyumba yako iko bondeni, mawimbi hayatashika vizuri. Wacha dikoda hii ikae kwangu. Nitavuta waya mpaka kwako, uone vile vile ninavyoona mimi."

"Vile vile?" Akello aliuliza.

"Vile vile, shemeji. Waya haujui ubaguzi."

Na kwa kweli hakudanganya. Runinga ya mama ilionyesha yale yale aliyoyachagua Calvince: kandanda jioni, sinema za ngumi usiku, na Jumapili, saa ya ibada, wanaume wawili waliovaa chupi wakikabana koo. "Hawa watoto wa watu wataumizana," Mama Perez alisema, akafumba macho na kusali. Akello aliyameza maneno kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki aina ya ngege.

Tena Calvince alijua alichokifanya. Katika boma lile, mama hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiwa na neno, husimama nje akaita. Naye Akello, mke wa mdogo mtu, hangeweza kuingia humo wakati mke wa Calvince yuko dukani kwao Awasi, na huko ndiko alikoshinda siku zote. Rimoti ilikuwa imefichwa nyuma ya heshima.

Basi ikatokea kwamba Debra, bintiye Akello, alichaguliwa kuongoza kwaya ya watoto wa kanisa katika stesheni moja ya runinga ya Kijaluo mjini Kisumu, mubashara. Wimbo wenyewe alifundishwa na nyanya yake, ubeti kwa ubeti, akiwa amekaa miguuni pake. Mama Perez alilia kwa furaha. Akawaalika kina mama wa kanisa, akafunga kitambaa cheupe kichwani kana kwamba anakwenda kushiriki meza ya Bwana. Akello alikwenda mapema kumsihi Calvince.

"Wimbo mmoja tu, shemeji."

"Mtoto wetu huyo! Mimi nitakuwa wa kwanza kuangalia."

Saa ilipofika, runinga ya mama ilijaa uwanja wa kijani kibichi.

"Debra ndiye huyo wa jezi nyekundu?" jirani yao Nabututu aliuliza, na kina mama wakacheka. Mama Perez hakucheka.

Akello alitoka kama mshale. Dirishani kwa Calvince aliwakuta wawili, yeye na rafiki yake Frankline, miguu juu ya meza.

"Shemeji, badilisha! Watoto wanaanza!"

"Penalti hii tu, Mama Debra."

"Si uliahidi?"

"Kwani nimekataa? Nimesema penalti."

"Ingia basi ubadilishe mwenyewe," Frankline alimtania, na wote wawili wakaangua kicheko, maana walijua hataingia.

Damu ilimchemka Akello. Alipiga vyuma vya dirisha kwa kiganja mpaka kikavimba. "Mwizi wewe! Mama yako mzazi unamwibia macho!"

Kicheko kilikatika ghafla. Mkongojo ulikuwa ukigonga ardhi nyuma ya Akello. Mama Perez alikuwa amekuja, jasho likimtiririka kwa maumivu, kina mama wakimfuata. Alisimama mlangoni.

"Calvince. Mila inanizuia kuingia kwako. Ndiyo maana ukakiweka humo?"

Calvince alishusha miguu kutoka mezani.

"Kitoe."

"Mama, dakika mbi..."

"Kitoe, ama nivunje mila leo mbele ya mashahidi hawa, na aibu iwe yako." Akainua mguu ule mbovu juu ya kizingiti.

Calvince aliruka kama aliyeona nyoka. Alizing'oa nyaya, akatoka amekikumbatia king'amuzi kifuani. Lakini hadi kilipounganishwa kwa mama na picha ikashika, kwaya ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwanamume mmoja alikuwa akitangaza mbegu za mahindi. Mama Perez aliyatazama mahindi hayo bila kupepesa. Kina mama wakaaga mmoja mmoja, chai ikapoa vikombeni.

Jioni Debra aliingia mbio, joho la kwaya bado mwilini.

"Dani! Uliniona?" alimuuliza nyanya yake.

Akello alifungua kinywa amwambie mwanawe ndiyo, tulikuona, ulipendeza. Mama Perez akainua mkono kumzuia.

"Sikukuona, mjukuu wangu. Nenda umuulize baba yako mkubwa ni kwa nini."

Mtoto alivuka ua. Calvince alikuwa ameketi mlangoni pake na Frankline.

"Baba mkubwa, Dani hakuniona nikiimba. Amesema nikuulize ni kwa nini."

Calvince alimtazama Frankline. Frankline akatazama viatu vyake.

"Kulikuwa na mpira," Calvince alisema.

"Dani alitaka mpira?"

Mtu mzima yule, mwenye maneno mengi kama redio, aliinuka akaingia ndani. Akello, aliyesimama nje ya jikoni na kiganja kilichovimba, hakumwonea huruma hata chembe. Alimwita mwanawe, akamshika mkono, wakarudi kwa nyanya.

Kweli, waliosema hawakukosea: mwamba ngozi huvutia kwake.