Masika Ishirini kwa Asubuhi Moja

Mwanakheri aliishi na mwanawe katika kibanda cha tajiri Ngwali, kwa ahadi iliyosikiwa na mtaa mzima: akikaa humo miaka ishirini, kibanda ni chake. Hata mwaka haujaisha, Ngwali akajutia ahadi yake.

"Paa lako la makuti halifiki miaka ishirini," alisema mbele ya majirani. "Thibitisha kuwa litafika, au uhame leo!"

"Basi panda ngazi, bwana, umwage maji. Ndoo moja iwe masika ya mwaka mmoja. Mimi nitakaa ndani nione kama linavuja."

Ngwali akapanda, akamwaga ndoo ya kwanza.

"Ah! Mwaka gani huo? Hata mwezi haujatimia!" Mwanakheri alipaza sauti kutoka ndani.

"Mwaka mzima umepita!" alifoka Ngwali. "Nikisema mwaka, ni mwaka!"

Akamwaga ndoo zote ishirini, kanzu ikamganda mwilini. Ndani halikudondoka tone.

"Imepita mingapi, bwana?"

"Yote ishirini! Paa lako limenishinda!"

Mwanakheri akachungulia mlangoni, mtoto mgongoni.

"Majirani, miaka yote hiyo nilikuwa wapi?"

"Humo humo ndani!"

"Basi shuka, bwana. Wageni wa nyumba yangu hupiga hodi mlangoni, si juu ya paa."