Njia Fupi ya Kutua

Hapo zamani, na msiseme za kale maana kaburi lenyewe halijaota nyasi, ndege ndogo ilikuwa ikimpeleka Atupele kwa daktari. Alijifungua jana yake, na damu ikakataa kukatika. Mumewe, Ambakisye, alikuwa amemshika mkono.

Rubani Sekwao alikuwa akifuata njia ya vyombo, ile ndefu yenye mizunguko, ambayo rubani huongozwa na mitambo ya ndege hata asipoona chini. Mawingu yakapasuka, uwanja ukaonekana.

Ambakisye akasema, "Kapteni, si uwanja ule pale? Hakuna njia fupi?"

Sekwao akaomba atue kwa macho. Tuntufye, mwongoza ndege mnarani, akaruhusu. Dakika kumi zikaokolewa.

Lakini Kiswaga, mlinzi wa uwanja, alizoea njia ndefu. Akisikia mngurumo hupanda baiskeli, akafukuze ng'ombe, na muda humtosha. Siku hiyo haukumtosha. Sekwao alikaribia kugusa ardhi, akaona ng'ombe watatu mbele yake. Akapandisha ndege.

Njia ya vyombo imeandikwa: ukishindwa kutua, panda hivi, pinda pale. Njia ya macho haikuandikiwa kitu. Unangoja neno la mnara.

"Nielekee wapi?"

"Subiri," akasema Tuntufye, kwani ndege nyingine ilikuwa ikiingia. Kisha akasema, "Panda, nenda mbali, uanze upya kwa vyombo."

Chini, ng'ombe walikwisha kuondoka. Sekwao aliuona uwanja mtupu, akatii. Dakika ishirini na tano. Atupele akafia juu ya mawingu.

Matangani wakaja wote watatu.

Kiswaga akasema, "Mwanangu, kosa ni langu. Ng'ombe ilikuwa kazi yangu."

Tuntufye akasema, "Kosa ni langu. Nilitoa njia fupi, mzee huyu sikumwambia. Halafu nikawapeleka mbali, niliogopa mgongane."

Sekwao akasema, "Kosa ni langu, Bwana Ambakisye. Uwanja niliuona mtupu."

Ambakisye akawatazama. Kichanga kilikuwa kikilia mgongoni mwa bibi yake.

"Njia fupi niliiomba mimi," akasema.

Mimi nimechoka kumtafuta mwenye kosa. Wala msiniambie ni kazi ya Mungu, hilo nimelisikia siku tatu za matanga na mtoto hakunyamaza. Atakua, atauliza mama yuko wapi. Je, ninyi mnaonisikiliza, katika hao wanne aonyeshwe nani?