Picha Ambayo Fundi Aliogopa Kuifuta

Twendeni kidogo mpaka hospitali moja ya misheni, kwenye chumba cha kompyuta. Fundi wake alikuwa mama mdadisi, mtu asiyeweza kulala na swali. Alikuwa na seva moja kubwa, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine, na alikuwa ameigawa ikawa mashine pepe kadhaa. Pepe, wapendwa, si pepo. Kila moja hujiona kompyuta kamili, kumbe zote zinakula sahani moja. Mojawapo ilitunza kanzidata ya wagonjwa.

Mashine hiyo ikaanza kuzorota. Akaiongezea memori kwa kuzipunguzia mashine nyingine. Ikachangamka kidogo, ikarudi kule kule. Siku moja muuguzi wa wodi ya wazazi akaja kumweleza kwamba kuna mama alikuwa akivuja damu, na kundi lake la damu lilikawia kwenye skrini mpaka wakampima upya. Mama yule alipona, lakini fundi hakula mchana huo.

Akajiuliza: chakula hiki chote ninachoiongezea, nani anakila? Akachimba, akaikuta picha. Zamani, kabla ya kubadilisha programu, aliipiga mashine picha ya hali yake yote, ili mambo yakiharibika arudi nyuma. Hayakuharibika. Picha ikabaki. Tangu hapo kila jambo jipya liliandikwa pembeni, na jibu la kila swali likatafutwa kotekote, kwenye mambo ya zamani na ya sasa.

Akampigia simu mwalimu wake wa chuo. "Nikiifuta, si nitapoteza kazi ya miezi yote hii?"

"Cha leo hupotezi hata kimoja," akajibiwa. "Unapoteza njia ya kurudi tu."

Akaifuta. Muuguzi alipoandika jina la mgonjwa, jibu likatokea kabla hajainua kidole. Na ile memori ya nyongeza? Fundi akazirudishia mashine nyingine. Haikuwa na kazi.

Sasa nikuulize wewe uliyeketi hapo na mwenzi wako. Ulisema umemsamehe, na ulimaanisha. Lakini ulimpiga picha kwanza, sivyo? Akichelewa leo, unatafuta kotekote: leo amesema nini, na mwaka ule alifanya nini. Ndiyo maana hata salamu inatuchosha. Tunamwomba Mungu atuongezee uvumilivu, na anatuongezea kweli, nao unaliwa na picha.

Kabla hatujasimama kuomba, mtaje mtu huyo moyoni mwako. Umemsamehe, au umemhifadhi?